Kinanda kipige chenyewe: jinsi ya kukiandikia amri kwa Sonic Pi, kuanzia noti moja mpaka sauti nne za kwaya

Hii naiandika kwa sababu nimechoka kujibu swali moja kila wiki. Mtu anaona kinanda kinapiga, mimi nimekaa pembeni mikono mfukoni, kwaya inajifunza sauti ya pili, basi anakuja ananong'ona "we, hiyo demo umeiweka wapi?" Sio demo na sio zile staili za kubonyeza ukaenda zako. Ni maandishi. Nimeandika kwenye kompyuta, kwa programu inayoitwa Sonic Pi, noti ninazozitaka, moja moja, kinanda kinazitii. Na wewe unaweza leo leo kama una vitu vinavyotakiwa.

Kabla hujauliza: hapana, sio lazima ujue kupiga kinanda. Hapana, sio lazima uwe mtaalamu wa kompyuta. Ila kama unasoma solfa, yaani ile d r m f s l t ya kwenye karatasi za kwaya, umeshatangulia wenzako mbali sana, na nitakuonyesha kwa nini ukifika hatua ya 7. Na hapana, kwa simu haiwezekani, Sonic Pi haina ya simu, usiniulize tena tafadhali.

Vitu vya kuwa navyo

Kompyuta. Windows au Mac, au hata Raspberry Pi kama unayo. Laptopu ya zamani inatosha, mradi isiwe inazimika kila dakika kumi.

Programu ya Sonic Pi. Ni ya bure kabisa, unaipakua kwenye tovuti yao ya sonic-pi.net. Aliyeianzisha ni Sam Aaron, akiwa Chuo Kikuu cha Cambridge kule Uingereza, lengo la mwanzo lilikuwa kufundishia watoto kuandika programu kwa kutumia muziki. Uwezo wa kuamrisha vyombo vya nje uliingia toleo la 3 mwaka 2017, kwa hiyo ukipewa na rafiki toleo la 2 kwenye flashi, achana nalo. Ukishaiweka huhitaji tena intaneti.

Kinanda chenye MIDI (lugha ya amri za vyombo vya umeme, naieleza chini kidogo). Hapa ndipo watu wengi wanapokwama, kwa hiyo geuza kinanda chako uangalie mgongoni. Unatafuta tundu la USB la mraba mraba, lililoandikwa USB TO HOST. Mfano Yamaha PSR-E373 inalo, ila mdogo wake PSR-E273 hana, na kwa nje vinafanana kama mapacha, kwa hiyo ukienda kununua usidanganyike na rangi wala idadi ya vitufe. Kama kinanda ni cha zamani kinaweza kuwa na matundu mawili ya duara yenye vishimo vitano, MIDI IN na MIDI OUT. Hayo pia yanafaa, ila utanunua waya maalumu wa USB kwenda MIDI.

Waya. Kwa lile tundu la mraba, waya wake ni uleule wa printa. Kweli kabisa, nenda kwa fundi wa kompyuta mwambie nipe waya wa printa. Kuna mtu aliniambia amezunguka mji mzima akiulizia "waya wa kinanda" na kila duka wanamwonyesha waya wa spika.

Onyo: tundu lililoandikwa USB TO DEVICE ni la flashi, sio hilo. Ukichomeka hapo hutaharibu kitu ila utakaa mpaka asubuhi unasubiri sauti.

Nadharia kidogo tu

MIDI ni lugha ambayo vyombo vya umeme vinazungumza tangu 1983. Ndani ya waya haipiti sauti, zinapita amri: bonyeza noti 60 kwa nguvu 90, sasa iachie. Noti zimepewa namba 0 mpaka 127, nguvu nazo zinaishia 127, na kuna chaneli 16, yaani ni kama una wapigaji 16 ndani ya kinanda kimoja na kila mmoja anaweza kushika chombo chake. Chaneli ya 10 ni ya ngoma. Basi, tuingie kazini.

Hatua ya 1: hakikisha Sonic Pi yenyewe inalia

Usiunganishe kinanda kwanza. Fungua Sonic Pi, kwenye ile sehemu kubwa ya kuandikia andika:

play 60
sleep 1
play 64
sleep 1
play 67

Bonyeza Run juu kushoto (au Alt na R kwa pamoja, kwenye Mac ni Cmd na R). Utasikia do, mi, so kutoka kwenye spika za kompyuta. Neno play ni piga, sleep ni subiri. Ukisahau sleep zote tatu zinalia kwa mpigo mmoja, na wakati mwingine hicho ndicho unachotaka kwa sababu hiyo ndiyo kodi (chord) ya muziki.

Kama hapa tu hakuna sauti, tatizo ni kompyuta yako, usiende hatua ya pili.

Hatua ya 2: unganisha kinanda, kisha tafuta jina lake

Washa kinanda, chomeka waya, ndipo ufungue Sonic Pi. Kwa mpangilio huo. Nenda Prefs, halafu sehemu ya IO, utaona orodha ya MIDI, zinazoingia na zinazotoka. Kwenye zinazotoka inatakiwa pawe na jina la kinanda chako, limeandikwa kwa herufi ndogo na vistari vya chini badala ya nafasi. Halipo? Bonyeza Reset MIDI papo hapo. Bado? Kwenye Windows kuna vinanda vinahitaji draiva, yaani programu ndogo ya kuifanya kompyuta ikitambue kinanda, unaipata bure kwenye tovuti ya aliyetengeneza kinanda.

Liandike jina hilo mahali, herufi kwa herufi. Majina yanatofautiana, langu sio lako, kwa hiyo humu chini kila penye jina_la_kinanda_chako weka la kwako.

Hatua ya 3: noti ya kwanza kwenye kinanda

Punguza sauti ya kinanda kwanza. Nasisitiza. Usipotaja nguvu Sonic Pi inapiga kwa nguvu zote, na kama kinanda kimeunganishwa kwenye zile spika za kanisani utawatoa watu mbio.

Futa yale ya mwanzo, andika:

use_midi_defaults port: "jina_la_kinanda_chako", channel: 1
use_bpm 72

midi 67, sustain: 0.9, vel: 80
sleep 1
midi 71, sustain: 0.9, vel: 80
sleep 1
midi 74, sustain: 1.9, vel: 80

Badala ya play tumeweka midi. Namba ya kwanza ni noti, sustain ni muda wa kuishikilia kwa mapigo, vel ni nguvu ya kidole. Ile use_bpm ndio mwendo, mapigo 72 kwa dakika. Ukibonyeza Run utaona kuna kachelewo kama nusu sekunde hivi kabla haijaanza, ni kawaida, inajipanga ili mapigo yasiyumbe.

Na sasa kosa namba moja la wanaoanza, ambalo mimi mwenyewe lilinilaza macho: kuacha kuandika channel. Usipotaja chaneli Sonic Pi inatuma amri kwa chaneli zote 16 kwa pamoja, yaani unapiga noti moja wanaitikia wapigaji wote na yule wa ngoma naye anagonga kitu chake. Mimi nilidhani kinanda kimeingia maji. Nikakifungua hadi skrubu. Kumbe ni neno moja tu limekosekana.

Hatua ya 4: badilisha sauti ya chombo

Amri yake ni midi_pc. Karibu vinanda vyote vinafuata orodha moja ya vyombo 128 iliyokubaliwa mwaka 1991, inaitwa General MIDI, na mara nyingi imechapwa nyuma ya kitabu cha kinanda chako. Lakini kuna mtego: kitabu kinahesabu kuanzia 1, Sonic Pi inahesabu kuanzia 0. Kwa hiyo toa moja kila wakati. Ogani ya kanisa ni 20 kitabuni, unaandika 19.

midi_pc 19, channel: 1
sleep 0.2
midi 67, sustain: 2, vel: 80

Ile sleep 0.2 usiitoe, mpe kinanda nafasi ya kubadili chombo kabla hujampa noti. Ninazotumia mimi sana (hizi tayari nimetoa moja): piano 0, marimba 12, ogani ya kanisa 19, gitaa la nailoni 24, besi ya vidole 33, nyuzi 48, kwaya ya "aaa" 52, tarumbeta 56, filimbi 73. Na ukiweka 108 unapata kalimba, ambayo ukisikia utajua waliisikia wapi wale jamaa waliotunga orodha hiyo, ingawa kwa mtu aliyewahi kukaa karibu na ilimba ya Wagogo pale Dodoma hiyo ya kwenye kinanda ni kama chai bila majani.

Usitishike kama skrini ya kinanda haibadiliki jina la chombo. Mara nyingi skrini inaonyesha kile unachopiga kwa vidole, wale wapigaji 16 wa ndani wana mambo yao.

Hatua ya 5: rudia rudia kwa live_loop

Hapa ndipo raha ilipo. live_loop ni kipande kinachozunguka bila kukoma, na unaweza kukibadilisha kikiwa kinaendelea kulia, unabonyeza Run tena na mzunguko unaofuata unachukua mabadiliko.

live_loop :ngoma do
  "x.xx.x".each_char do |k|
    midi 63, sustain: 0.1, vel: 100, channel: 10 if k == "x"
    midi 70, sustain: 0.1, vel: 55, channel: 10
    sleep 0.25
  end
end

Iandike chini ya ile mistari miwili ya juu ya use_midi_defaults na use_bpm. Kwenye chaneli ya 10 namba sio noti tena, kila namba ni chombo chake cha kugonga: 36 ni ngoma kubwa ya mguu, 38 sineya (snare), 42 matoazi yaliyofungwa, 46 yaliyofunguliwa, 56 kengele, 63 na 64 ni konga, 70 ni marakasi ambayo mimi naichukulia kama kayamba. Huo mstari wa x na nukta ndio mdundo wenyewe, x ni gonga, nukta ni kaa kimya, umegawanyika sita sita kama unavyohesabu chakacha. Cheza nao. Badilisha x moja tu uone mdundo mzima unavyogeuka sura. Mimi nimepoteza Jumamosi nzima hapa na sijutii.

Makosa ya hapa ni mawili. La kwanza live_loop isiyo na sleep ndani yake, hiyo inakataa na kukupa maandishi mekundu, kwa sababu umemwambia azunguke bila kupumzika hata kidogo. La pili, ukibadilisha use_bpm iliyo juu halafu ukabonyeza Run utashangaa mwendo haubadiliki, hiyo ni kwa sababu mzunguko ulishabeba mwendo wake ulipoanza. Ama bonyeza Stop kwanza, ama weka use_bpm ndani ya live_loop yenyewe.

Hatua ya 6: ipe uhai kidogo

Ukipiga kila noti kwa nguvu ileile kinanda kinalia kama cherehani. Kwenye vel badala ya namba moja weka rrand_i(70, 95), inachagua nguvu tofauti kila mara kati ya hizo mbili. Ukitaka kupunguza sauti ya chaneli moja tu bila kugusa zingine ni midi_cc 7, 60, channel: 1, ambapo 7 maana yake sauti na 60 ni kiasi. 64 ni pedali ya kushikilia, 127 umekanyaga, 0 umeachia. 91 ni mwangwi. Zinatosha hizo.

Hatua ya 7: mfundishe kinanda solfa

Sasa hapa ndio kisa cha mwongozo wote huu. Kwaya zetu nyingi zinasoma solfa, noti za mistari mitano wanaozijua ni wachache. Na solfa ukiiangalia vizuri ni lugha ya amri tayari: herufi inasema noti, alama zinasema muda. Kwa nini basi ukae unageuza kila s kuwa namba kichwani? Mwachie kompyuta.

Fungua ukurasa mpya (ziko kurasa kumi pale chini, 0 mpaka 9), andika hiki kipande kama kilivyo:

use_midi_defaults port: "jina_la_kinanda_chako"
use_bpm 72
doh = 67

define :imba do |mstari, doh_yao, chaneli|
  ngazi = {"d"=>0, "de"=>1, "r"=>2, "m"=>4, "f"=>5, "fe"=>6,
           "s"=>7, "se"=>8, "l"=>9, "ta"=>10, "t"=>11}
  mstari.each do |noti, pigo|
    if noti != "x"
      namba = doh_yao + ngazi[noti.delete("',")]
      namba = namba + 12 if noti.end_with?("'")
      namba = namba - 12 if noti.end_with?(",")
      midi namba, sustain: pigo * 0.95, vel: rrand_i(75, 90), channel: chaneli
    end
    sleep pigo
  end
end

Usiogope, unakiandika mara moja tu maisha yako yote halafu unakihifadhi. Kinachofanya ni hiki: anachukua herufi, anaangalia iko nusu toni ngapi juu ya do, anajumlisha. Kama ina kimkia cha juu kama d' anapandisha oktavu, kama ina koma kama s, anashusha (ile noti ambayo kwenye karatasi ina kijimoja kidogo chini yake, wewe hapa weka koma). x ni kupumzika.

doh = 67 maana yake do iko kwenye G, ile ambayo karatasi inaandika Do ni G. Ikiwa F weka 65, A weka 69, C weka 60 au 72 kutegemea na wimbo.

Hatua ya 8: sauti nne

Chini ya kipande hicho ongeza:

kwanza = [["m",1],["m",1],["f",1],["m",1],["r",2],["d",2]]
pili   = [["d",1],["d",1],["d",1],["d",1],["t,",2],["s,",2]]
tatu   = [["s",1],["s",1],["l",1],["s",1],["s",2],["m",2]]
nne    = [["d",1],["d",1],["f,",1],["d",1],["s,",2],["d",2]]

midi_pc 52, channel: 1
midi_pc 52, channel: 2
midi_pc 52, channel: 3
midi_pc 52, channel: 4
sleep 0.5

in_thread do
  imba kwanza, doh, 1
end
in_thread do
  imba pili, doh, 2
end
in_thread do
  imba tatu, doh - 12, 3
end
in_thread do
  imba nne, doh - 12, 4
end

in_thread maana yake anza huyu bila kumsubiri mwenzake, ndio maana wote wanne wanaanza pamoja. Ukiisahau sauti ya kwanza itaimba mpaka mwisho, ndipo ya pili ianze, halafu ya tatu, kama watu wako kwenye foleni ya benki. Na ile doh - 12 ya sauti ya tatu na ya nne ni kwa sababu wanaume wanaimba oktavu moja chini ya kilichoandikwa, usipoiweka besi wako atasikika kama mtoto wa Sunday school.

Bonyeza Run. Huo ni mwisho wa ubeti wa kubuni tu, mapigo manane, lakini mara ya kwanza ukisikia sauti nne zinafunga pamoja na hujagusa kinanda hata kwa kidole, utatabasamu peke yako.

Kabla hujaanza kuandika wimbo mzima hesabu mapigo ya kila mstari. Sauti zote nne lazima zijumlishe sawa. Hapo juu kila moja ni nane. Ikipungua nusu pigo kwenye sauti ya tatu, kuanzia hapo tenori yuko nyuma hadi amina. Mimi naandika hatua nne nne, nasikiliza, ndio naendelea, kwa sababu kutafuta nusu pigo iliyopotea kwenye wimbo wa kurasa tatu ni kutafuta sindano kwenye majani.

Hatua ya 9: itumie mazoezini

Sauti ya pili wanapotea? Weka alama ya # mwanzoni mwa mistari ya imba ya wengine watatu, kompyuta itairuka, itabaki ya pili peke yake. Au waache wote ila mpe wa pili chombo kinachotoboa, mfano filimbi, badilisha midi_pc ya chaneli 2 iwe 73, wataisikia sauti yao ndani ya zingine, na hii kwa maoni yangu inafundisha haraka kuliko kuipiga peke yake kwa sababu siku ya kuimba hawatakuwa peke yao.

Mwendo mkali? use_bpm 50. Soprano wanakabwa juu? doh = 65 na wimbo mzima unashuka, sauti zote nne, bila kuandika upya hata herufi moja. Mwalimu wa kwaya aliyewahi kubishana na mpiga kinanda kuhusu kushusha ufunguo ataelewa kwa nini hapa huwa nachekelea.

Kitu kimoja sikushauri: kuitumia ibadani wakati watu wanaimba. Mashine haisubiri, haioni mkono wa mwongozaji, padri akichelewa kumaliza yenyewe inaendelea tu. Mazoezini sawa. Ibadani mwache mpiga kinanda afanye kazi yake.

Ikigoma

Hakuna sauti kabisa, wala maandishi mekundu. Asilimia kubwa ni jina la kinanda limekosewa herufi, likopi upya kutoka Prefs. Kama liko sawa, angalia kama kuna programu nyingine ya muziki iko wazi, Windows mara nyingi inaruhusu programu moja tu kushika kinanda kwa wakati, funga zote, bonyeza Reset MIDI. Kwa wale wa waya wenye pini tano: ncha ya waya iliyoandikwa OUT inaingia kwenye MIDI IN ya kinanda. Kuna waya za bei rahisi zimeandikwa kinyume, kwa hiyo ikigoma zibadilishe tu, haziungui.

Noti imeganda inalia haiishi. Andika midi_all_notes_off kwenye ukurasa mtupu, Run. Inatokea sana ukitumia midi_note_on bila midi_note_off, ndio maana mwongozo wote huu nimekutumisha midi peke yake ambayo inajifunga yenyewe. Ikishindikana zima kinanda.

Inasema "nil can't be coerced into Integer". Umeandika noti ambayo haimo kwenye ngazi, mara nyingi "so" badala ya "s" au "do" badala ya "d", au umeweka nafasi ndani ya alama za kunukuu.

Maandishi mekundu yanataja end. Umesahau end mahali. Kila do inadai end yake, kila if iliyoanza mstari nayo hivyohivyo. Zihesabu.

Nimekopi kutoka kwa rafiki kaniandikia, inakataa. Angalia alama za kunukuu. Word na baadhi ya simu zinazigeuza kuwa zile zilizopinda kwa urembo, Sonic Pi haizijui. Zifute uandike upya kwa kibodi ya kompyuta.

Kinanda kinaandika C3, Sonic Pi inasema c4, nani mwongo? Hakuna. Yamaha wanaiita noti 60 C3, Sonic Pi inaiita c4, ni noti ileile. Ndio maana mimi natumia namba tu.

Nikipiga kwa vidole kinanda hakilii, lakini kompyuta ikituma kinalia. Tafuta kwenye menyu ya kinanda neno Local, limezimwa. Liwashe. Usikipeleke kwa fundi, na usifungue skrubu.

Sauti ya pili inasikika kwa mbali sana. Kuna mahali ulitumia midi_cc 7 ukasahau, kinanda kinakumbuka mpaka ukizime. Weka midi_cc 7, 100, channel: 2 juu kabisa kabla ya sauti kuanza, na fanya hivyo kwa chaneli zote nne iwe tabia.

Umeme umekatika katikati. Kilichokuwa kwenye ukurasa mara nyingi utakikuta ukiwasha tena, mradi ulikuwa umebonyeza Run, lakini mimi siamini, nabonyeza Save kila nikimaliza ubeti na nakala naweka kwenye flashi yenye jina la kwaya.